Bei ya Bila Risiti

Mume wangu hajawahi kununua kitu kwa bei yake. Sisemi hivi kumsifu. Kuna wanaume wanaokunywa, na kuna wanaokimbizana na wanawake, na mke wa mtu kama huyo akilalamika watu humhurumia. Wangu alikuwa anaweka akiba. Jaribu kumlaumu mwanamume kwa kuweka akiba uone vile akina mama wa kanisani watakavyokutazama.

Nauli aliiokoa kwa miguu. Kutoka mjini Nyeri mpaka Ruring'u, tulipo na duka letu, alitembea jua likiwaka na mvua ikinyesha, shilingi thelathini zimelala salama mfukoni, na kila baada ya miezi mitatu alizihesabu zote mkononi mwa fundi wa viatu. Majani ya chai aliyachemsha mara mbili, na ile chai ya pili aliwapa wageni. Lakini siku ya soko mtu huyo huyo alipanda gari hadi Chaka kununua kabichi, kwa sababu Chaka kabichi ni rahisi. Alirudi na kabichi nne, na nauli ya kwenda na kurudi ingenunua nane hapo hapo Ruring'u. Siku moja nilimfanyia hesabu hiyo kwa kidole juu ya meza. Aliniambia mimi sielewi soko.

"Haba na haba hujaza kibaba," ndiyo ilikuwa sala yake. Nilikuwa nikiisikia naangalia ukutani.

Kazi yetu ni kufuma sweta za shule. Mashine yetu ni ya mkono, ndefu kama kitanda cha mtoto, na juu yake kuna kigari cha chuma unachosukuma kwenda kulia, halafu unakirudisha kushoto, mstari mmoja kwa kila safari. Sweta ya mtoto wa darasa la nne ni mamia ya safari. Mimi ndiye nilikuwa nasukuma. Yeye alinunua uzi, akauza, akashika pesa na akatoa mawaidha. Nilisukuma kigari hicho miaka kumi na minne, na mwaka juzi bega langu la kulia likaanza kulia kama mlango mbovu.

Daktari alilizungusha bega, akalibonyeza, akaniuliza kazi yangu. Nilimweleza. Kisha akaniambia niache kusukuma, kwa sababu nikiendelea itafika siku nitashindwa kuinua hata sufuria. Aliandika dawa za maumivu. Nilizimeza, nikarudi kusukuma, maana shule zilikuwa zinafunguliwa na watoto hawaendi darasani kifua wazi.

Dawa ya kweli ilikuwa Murang'a. Kulikuwa na mama mmoja huko aliyekuwa amezeeka katika kazi hii na anataka kuiacha. Alikuwa na mashine ya kufuma yenye mota, ambayo unaiwasha na kigari kinakwenda chenyewe, wewe unasimama pembeni unaangalia uzi. Nilikwenda kuiona. Niliishika, nikaiwasha, na nikiwa nimesimama pale na mikono imelala tu nilitaka kulia. Yule mama alitaja bei, na haikuwa mbaya. Akasema ataniwekea mpaka mwezi wa saba wa mwaka unaofuata. Baada ya hapo atamwuzia yeyote atakayekuja, kwa sababu na yeye hataki kufa akiwa na mashine.

Kwa hiyo tukaanza kuweka pesa za mashine. Tulizitenga kwenye laini ya simu ya peke yake, ndani ya kisimu kidogo cha tochi, mulika mwizi, tulichokifungia kwenye droo ya duka. Hatukukipigia mtu na hakuna aliyejua namba yake. Tulikiita "mashine." Mume wangu alikuwa akisema, "Leo nimetia mashine mia sita," na mimi nikasahau bega kwa dakika mbili.

Hizo mia sita zilitoka wapi? Sasa tumefika.

Mjini kuna jamaa wa jumla anayetuuzia uzi. Duka lake lina bei mbili, na hiyo si siri. Ukishapakiwa uzi wako, kijana wa kaunta anakuuliza, "Na risiti ama bila?" vile mwenye hoteli anavyokuuliza kama chai yako iwe na maziwa. Ukitaka risiti ya mashine, ile yenye namba yako ya kodi, unalipa bei kamili. Ukisema bila, unapunguziwa. Wote wanajua kwa nini. Mzee wa duka hataki mauzo hayo yaonekane na serikali, na wewe mnunuzi anakupa kipande cha anachoficha ili unyamaze. Wenye maduka kutoka Karatina hadi Nanyuki wanalijua swali hilo kuliko Amri Kumi.

Mume wangu hakuwahi kufikiri mara mbili. "Sasa karatasi nitakula?" alikuwa akimwambia kijana, na wote wawili wakicheka. Ile tofauti aliileta nyumbani na kuitia mashine.

Ingekuwa ujinga wa kawaida tu, kama ujinga wa kabichi, kama hangekuwa amefanya jambo jingine mapema mwaka huo huo. Tulikuwa tumekwenda pamoja kumwona binti anayetufanyia hesabu za kodi, msichana mmoja mpole mwenye chumba ghorofani, juu ya duka la viatu. Mume wangu alitaka ushauri wa kupunguza kodi. Alikuwa amesikia redioni kwamba watu wenye akili hupunguza kodi kihalali, na yeye anajihesabu miongoni mwa watu wenye akili.

Binti alitueleza polepole. Biashara ndogo kama yetu inaweza kulipa sehemu ndogo ya kila kitu ilichouza, bila mtu kuuliza ilitumia nini. Au mwenye biashara anaweza kuiandikia serikali, akaomba alipe kwa faida peke yake. Hapo anaondoa uzi, pango la duka, stima, mafuta ya mashine, na kinachobaki ndicho kinachokatwa kodi. Kwa kuwa uzi unakula zaidi ya nusu ya mauzo yetu, alisema, njia ya pili inaweza kutufaa. Lakini kila kitu tutakachotaka kuondoa lazima kiwe na risiti ya mashine yenye namba yetu. Hilo la risiti alilisema mara mbili, na mara ya pili alimwangalia mume wangu usoni.

Mume wangu alitikisa kichwa kama mzee wa kanisa. Akachagua faida. Ngazini aliniambia kwamba mwanamke huyu ni mtoto lakini ana akili, na kwamba faida yetu ni ndogo sana, kwa hiyo kodi yetu itakuwa karibu na hewa. Kisha akateremka hadi kwa jamaa wa jumla, akanunua uzi wa muhula mzima, akaulizwa swali, akajibu, "Bila."

Nimejaribu mara nyingi kuelewa kichwa kinachoweza kufanya mambo hayo mawili kwa saa moja. Amechagua kulipa kodi ya kinachobaki baada ya matumizi, halafu ameshuka ngazi na kununua matumizi yasiyo na ushahidi. Nafikiri kwake risiti lilikuwa jambo la ghorofani na bei lilikuwa jambo la chini. Mtu aliyezoea kutazama shilingi iliyo karibu na pua yake haoni elfu iliyo ng'ambo ya barabara. Hata mbuzi wa Kieni huinua kichwa anapovuka.

Mwaka mzima ukaenda hivyo. Uzi wa kijani, uzi wa maruni, uzi wa bluu wa ile shule ya wasichana, wote bila. Mauzo yetu nayo yalikuwa wazi kabisa, kwa sababu shule hulipa kupitia benki na wazazi hulipa kwa simu kwenye namba ya duka. Kila sweta iliyotoka mlangoni iliacha alama. Uzi ulioingia haukuacha hata unyayo.

Mwezi wa sita binti alitupigia kukumbusha kwamba ritani za kodi zinafungwa mwisho wa mwezi, tulete risiti. Mume wangu alivaa koti. Kutoka chini ya kitanda alivuta katoni ya mafuta ya kupikia, imefungwa kwa kamba ya katani, nzito. Nilishangaa. Niliuliza ni nini, akasema kwa madaha kwamba mimi nilidhani yeye hana mpango.

Tulipanda ghorofani. Binti alifungua kamba na kuanza kutoa karatasi moja moja. Risiti za duka kubwa, za mkate, sukari na sabuni. Risiti za chakula cha kuku. Risiti za stima ya nyumbani. Kadi za mchango wa mazishi zilizopigwa muhuri, bahasha za sadaka zilizoandikwa kiasi, na karatasi ya zahanati ya siku alipong'olewa jino. Alikuwa ameweka kila karatasi aliyopewa bila kuomba. Duka kubwa halikuulizi kama unataka risiti, linakupa tu, na yeye kitu cha bure hakitupi.

Binti aligawa karatasi mafungu mawili kwa ncha ya kalamu. Fungu la kulia lilipanda mpaka likaanza kuteleza. La kushoto lilikuwa na risiti za stima ya duka, mafuta ya mashine, na sindano pakiti mbili.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "hii mkate haifumi sweta."

"Lakini ni matumizi," mume wangu akasema. "Si tulitumia?"

Binti aliuliza risiti za uzi ziko wapi. Mume wangu alimweleza habari za bei mbili, na alimweleza kwa fahari, akitaja hata kiasi alichookoa kila mara. Niliona uso wa yule msichana ukibadilika. Aliacha kuandika. Alituambia kwamba kwa macho ya serikali hatukununua uzi mwaka jana. Tulifuma sweta zote zile kwa hewa, na karibu kila shilingi iliyoingia ilikuwa faida. Aligeuza kompyuta ili tuone namba iliyokuwa chini kabisa, kodi tuliyodaiwa.

Mimi niliitazama namba ile na kuitambua. Ilipungua kidogo tu kuifikia iliyokuwa ndani ya droo.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kwa jamaa wa jumla. Mume wangu alimwomba atuandikie risiti za mwaka uliopita, akasema hata tofauti atailipa. Mimi nilisimama nyuma yake nikiona haya kwa niaba ya watu wote wawili. Mzee wa duka hakukasirika. Aliagiza tuletewe viti, akauliza habari za watoto, akatupa pole.

"Mashine inaandika tarehe ya leo," alisema. "Haijui mwaka jana."

Alikuwa na saa nzuri mkononi. Nilimchukia kwa sababu ya ile saa, nikamchukia zaidi kwa sababu ya pole yake, na nilijua hata wakati ule kwamba hakuna jambo alilotufanyia ambalo hatukumwomba. Tukiwa bado tumekaa, mteja mwingine alikuja kaunta, mwanamume wa makamo mwenye gunia. Kijana akamwuliza swali. Yule mtu akasema bila. Mume wangu alimwangalia na kuinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilidhani kuna kitu kimeingia.

Tulilipa. Nilitoa kisimu kwenye droo mwenyewe, nikabonyeza namba mwenyewe, kwa sababu sikutaka aviweke tena vidole vyake kwenye kitu changu chochote. Ujumbe ulipokuja ukisema salio, zilikuwa zimebaki shilingi mia mbili na arubaini. Kisha nikampigia mama wa Murang'a kumwomba miezi michache zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema anasikitika, lakini kuna vijana wawili wa kutoka Maragua waliokwisha kuja na pesa mkononi, na yeye alikuwa anangoja tu mwezi wa saba kwa ajili ya neno lake. Wiki iliyofuata mashine ilipakiwa kwenye pikapu ikaenda.

Usiku ule nilisema. Nilisema juu ya kabichi na viatu na chai ya pili. Nilimwita mkono wa birika. Nilimwambia kwamba miaka kumi na minne ameniokolea senti na kunitumia bega, na kwamba wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hawakusema kwamba wa kwao ndiye hupewa sahani kubwa. Nilisema mpaka nikakosa maji mdomoni. Yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni.

"Lakini ile simu," akasema mwishowe, "ni wewe ulikuwa unasoma."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilizima taa. Kila aliporudi na uzi, mimi ndiye niliyefungua droo. Mimi ndiye niliyesoma salio kwa sauti, polepole, nikionja kila tarakimu. Na nilikuwapo ghorofani siku binti aliposema risiti mara mbili. Nilimsikia mara zote mbili. Nilijua pesa zile zinatoka wapi, kwa sababu uzi hauwi rahisi wenyewe. Nilinyamaza kwa kuwa kila "bila" ilinisogeza hatua moja kuelekea Murang'a. Ni raha kumdharau mtu anayekuletea pesa. Unakula, na mikono yako inabaki safi.

Tangu hapo tunanunua uzi na risiti. Kijana wa kaunta bado huuliza, na mume wangu hujibu kwa sauti ya mtu anayeungama. Karatasi huzileta kwangu, mimi huzitunga kwenye spoku ya baiskeli niliyoikunja na kuipigilia ukutani juu ya mashine. Na kigari sasa anasukuma yeye. Daktari hakuhitaji kusema tena. Mwezi wa tisa nilijaribu kufungua dirisha, mkono ukakataa katikati. Mume wangu anafuma vibaya. Anaruka sindano, anavuta uzi, na sweta zake zina bega moja refu kuliko jingine. Mimi hukaa kwenye stuli pembeni nikishona kola kwa taratibu na kumwambia anapokosea. Kazi hii ya pili naifanya vizuri.

Januari hii, wiki ya kufungua shule, duka lilikuwa limejaa asubuhi na kupungua saa sita. Mama mmoja aliingia, mwanamke mwembamba mwenye mfuko wa plastiki uliorudiwa mara nyingi, akachagua sweta tatu za maruni. Alizigeuza ndani nje, akazivuta mishono, akazipanga juu ya kaunta. Nikamtajia bei. Akafungua kitambaa chake cha pesa, akazitazama noti zake, halafu akaniangalia.

"Na bila risiti ni ngapi?"

Mume wangu hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Bei ni moja, mama," akasema, na kigari kikaenda kulia.

Yule mama aliitikia kwa kichwa, bila ubishi, akaanza kufunga kitambaa. Ng'ambo ya barabara kuna duka jingine la sweta. Niliutazama mlango. Nilitazama droo, ambamo kile kisimu bado kipo na mia mbili na arubaini zake. Nilifikiria kwamba noti haziachi alama kama pesa za simu. Nilifikiria pia Maragua, ambako mashine yangu ilikuwa inafanya kazi saa ile, vijana wawili wamesimama pembeni na mikono imelala.

"Ngoja kidogo, mama," nikasema.

Nikamtajia bei ya chini. Kigari kilisimama katikati ya mstari. Sikugeuka, lakini nilijua mume wangu ananitazama, na nilijua anavyonitazama, kwa sababu mtazamo huo nilimfundisha mimi. Yule mama alihesabu noti zake, akazinyoosha kuelekea kwangu. Nikaomba radhi na kuzipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia siku hizi haufiki.